Futi Ngapi Zinatosha? Boti ya Kwanza ya Familia

Mtu akiamua kununua boti ya kwanza, swali linalomfuata kila anapokwenda ni moja: futi ngapi? Muuzaji anauliza, fundi anauliza, na shemeji ambaye hajawahi kupanda hata ngalawa naye anauliza. Tunapima viwanja, vitambaa na barabara kwa mita, lakini boti bado tunaipima kwa futi, na futi hizo zimegeuka kipimo cha heshima. Futi 14 ni ya mvuvi. Futi 23 ni ya mtu mwenye nafasi yake. Katikati hapo ndipo familia nyingi za Dar es Salaam, Mombasa, Kilifi na Unguja zinapokwama, zikiwa na fedha za chombo kimoja na mashauri ya watu kumi.

Mashauri yenyewe yana pande mbili. Kuna wanaosema nunua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, maana ndogo utaichoka kabla ya mwaka kwisha. Wengine wanasema anza na ndogo, jifunze nayo, ukigonga mwamba hasara iwe ya kuvumilika. Wote wana hoja, ila wa kwanza anaifikiria siku nzuri kuliko zote, marafiki wamejaa na bahari shwari, na wa pili anaifikiria siku ya kulipa. Mimi naona ukubwa wa boti ya familia unaamuliwa na saa mbili za siku ambazo hakuna anayezipiga picha: saa ya kuishusha majini asubuhi na saa ya kurudi alasiri. Ya kwanza inaizuia boti isiwe kubwa mno, ya pili isiwe ndogo mno.

Tuanze na kurudi. Chukua safari ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua: kutoka ghuba ya Msasani hadi Mbudya, kama kilomita 10 kuelekea kaskazini, ukikipita kisiwa cha Bongoyo njiani. Visiwa hivi, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi za bahari tangu 1975, na siku za mapumziko watu hujaa. Asubuhi ya Juni au Julai bahari mara nyingi imelala. Upepo wa kusi huamka taratibu jua linavyopanda, na ikifika saa tisa alasiri unavuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, upande uleule unaotakiwa kurudi. Ulikwenda nao mgongoni, sasa unarudi nao usoni. Mkondo wa maji ukiwa unakwenda kinyume na upepo, mawimbi husimama wima na kukaribiana.

Hapo urefu unadai haki yake. Boti ya injini ikishika kasi hunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Ili ibaki juu, boti nyingi ndogo zinataka mwendo wa kilomita 22 hivi kwa saa au zaidi. Boti ya futi 14 kwenye mawimbi ya nusu mita yaliyokaribiana haiwezi kushikilia mwendo huo bila kupiga tumbo kwenye kila wimbi. Nahodha anapunguza, boti inakaa, na ikishakaa mwendo wake wa amani ni kilomita 9 au 10 kwa saa. Njia iliyokuwa dakika 20 asubuhi sasa ni saa nzima. Watoto wamelowa, mmoja anatapika, na mama yao anauliza kwa sauti ya upole sana ni nani aliyeuza kiwanja ili kununua kitu hiki. Boti ya futi 20 katika mawimbi hayohayo inapunguza mwendo nayo, lakini hubaki juu ya maji, kwa sababu ina uzito wa kulikata wimbi na urefu wa kulifikia linalofuata kabla omo haijadondoka.

Kati ya Desemba na Machi mambo hugeuka. Upepo wa kaskazi unakupiga usoni wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi unakuja na mawimbi nyuma. Wageni hufurahi, wakidhani wamepata wepesi. Kumbe katika chombo kidogo wimbi la nyuma ndilo la kuogopwa, kwa sababu tezi tayari imelemewa: injini iko huko, tangi la mafuta liko huko, na watu wazima wamekaa huko kukimbia rasharasha za mbele. Ukuta wa tezi ukiwa mfupi, wimbi moja linaingia, la pili linalikuta la kwanza halijatoka, na mtu anaanza kufua maji kwa dumu lililokatwa badala ya kuongoza.

Hata hivyo urefu peke yake hudanganya. Wauzaji wengine huhesabu hadi jukwaa la kuogelea nyuma na chuma cha nanga mbele, na boti ya futi 21 kwenye tangazo inakuwa 19 ukiipima mwili wenyewe. Muhimu kuliko hiyo ni vipimo vitatu ambavyo matangazo hayavipigii kelele: upana, kimo cha ubavu kutoka majini, na pembe ya tumbo. Boti ya futi 18 yenye upana wa mita 2.3 ni chombo tofauti kabisa na ya futi 18 yenye mita 1.7, nyembamba kama dau, inayoinama kila mtoto anapohamia upande wa pili kuangalia pomboo.

Pembe ya tumbo ina historia yake. Mwaka 1960, Ray Hunt, mbunifu wa boti wa Marekani, alimpa Richard Bertram umbo lenye tumbo la V iliyochongoka hadi nyuma, pembe ya digrii kama 24. Boti hiyo, Moppie, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka vibaya, na tangu hapo kila mtengenezaji akataka V yake. V kali hulainisha wimbi. Gharama yake ni kwamba inahitaji injini kubwa zaidi, na ikisimama huyumbayumba. Na familia, tofauti na washindani wa Miami, hutumia sehemu kubwa ya siku imetia nanga. Bibi anapanda ngazi akitoka majini, mtu anakata embe, watoto wanne wamekaa upande mmoja. Ndiyo maana kwa boti ya kwanza napendelea pembe ya kati, digrii 16 hadi 20 hivi, hata kama inagonga kidogo siku ya upepo. Katamarani zenye matumbo mawili, ambazo Afrika Kusini inazitengeneza kwa wingi, hutulia vizuri zaidi na hupita kwenye maji machafu kwa ulaini. Ila ni nzito, huvaa injini mbili, na mfuko utasikia.

Swali la pili ni watu. Marekani ina kanuni inayofahamika kwa boti za chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawa kwa 15. Futi 18 kwa futi 7 na nusu zinakupa watu 9. Ukiikuta boti iliyotengenezwa kwa soko hilo baada ya sheria yao ya 1971, huwa na kibao karibu na usukani kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya injini. Kibao ni kitu chema, lakini hesabu yake ni ya siku tulivu. Weka kwenye boti hiyo kijokofu, madumu mawili ya mafuta, nanga na mnyororo wake, maji ya kunywa, turubai, mkaa, na mabegi ya watu ambao wangeweza kuja na kaptula moja. Mimi hugawa idadi ya kibao kwa mbili kwa bahari yetu ya wazi. Watu 9 wanakuwa 4 au 5, na hapo ndipo familia ya kawaida ilipo.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Boti zinazouzwa huko hupewa daraja la A, B, C au D. Daraja C linamaanisha chombo kimekusudiwa upepo hadi nguvu 6 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. D ni la maji yaliyojificha, mawimbi ya sentimita 30 hivi. Wanunuzi wengi hawajui kwamba boti moja inaweza kuwa na madaraja mawili kutegemea watu waliomo, tuseme C ikibeba 6 na D ikibeba 8. Soma karatasi hadi mwisho. Daraja C kwa idadi yenu halisi ndilo la chini kabisa ninaloliona linafaa nje ya mkono wa bahari. Wakaguzi wa TASAC Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na KMA Kenya wana taratibu zao za usajili na usalama wa vyombo vidogo. Ni busara kuziulizia kabla ya kununua.

Kuna jambo lingine zuri katika boti za Marekani zisizofika futi 20 zenye injini ya nje: sheria inataka zielee zikiwa sawasawa hata zikijaa maji, kwa povu lililojazwa ndani ya mwili. Dick Fisher, aliyeanzisha Boston Whaler, alilitangaza hilo mwaka 1961 kwenye jarida la Life akiwa amekaa ndani ya boti ya futi 13 huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, kisha akaondoka na nusu yenye injini. Zaidi ya futi 20 sharti hilo halipo, kwa hiyo boti kubwa zaidi inaweza kuzama wakati ndogo bado inaelea. Ukinunua iliyotumika, mpe fundi alikague povu. Povu la zamani hunywa maji, na boti inabeba mamia ya kilo za bahari bila mtu kujua.

Sasa asubuhi. Watetezi wa boti kubwa husahau kwamba uzito haupandi sambamba na futi. Kutoka futi 15 hadi 20 urefu umeongezeka kwa theluthi, lakini upana na kina navyo vimeongezeka, hivyo ujazo wa chombo unazidi mara mbili. Ukifika 23 umezidi mara tatu na nusu. Boti ya futi 15 yenye mashine ya nguvu farasi 40 husukumwa na watu wanne mchangani. Ya futi 23 na injini yake na trela yake inaweza kupita tani mbili, na hapo unahitaji gari la kuivuta, mteremko wa saruji wa kuishushia, na dereva anayejua kurudi nyuma na trela bila kuifanya hadhara nzima icheke.

Zaidi ya hapo, bahari yetu ina ratiba yake. Kwenye bamvu, mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na kwa pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar maji ya bamvu huwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile familia inapomaliza kukusanya viatu vya watoto. Boti iliyolala kwenye boya karibu na ufukwe itakuwa imekaa juu ya mchanga, imepwelewa. Kama ni ya futi 16 mnaiinua kidogo, mnaisogeza, mnaondoka. Kama ni ya futi 23, mnakunywa chai hadi adhuhuri. Hali ni hiyohiyo ufukweni kisiwani: nahodha mgeni anaisogeza boti hadi mchangani ili wazee washuke wakiwa wakavu, anakula samaki wa kupaka, anageuka na kuikuta imelala ubavu, maji yako mita 20 mbele yake. Wavuvi watakuja kusaidia, na watasaidia kwa moyo, lakini tani moja na nusu haisukumwi kwa moyo.

Kwa sababu hiyo mahali pa kulala boti panapaswa kuamuliwa kabla ya boti yenyewe. Wenye nafasi kwenye gati au boya la maji ya kina, kama katika mikono ya bahari ya Mtwapa na Kilifi, wanaweza kuongeza futi mbili tatu bila kujuta. Anayeivuta kutoka nyumbani kila Jumamosi atajuta mwezi wa pili. Nimeona boti nzuri sana ya futi 25 ikigeuka banda la kuku uani kwa sababu hii tu, na mwenyewe si maskini.

Injini huenda na ukubwa, na hapa namsikiliza fundi kuliko brosha. Pwani nzima imejaa Yamaha Enduro, hasa ya 40: mashine ya mizunguko miwili, uzito chini ya kilo 80, na fundi wa diko lolote anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuirudisha. Injini ya mizunguko minne ya 115 ina karibu kilo 170, hutumia mafuta pungufu kwa kazi ileile, haina moshi wala kelele, lakini ikigoma mara nyingine inataka kompyuta. Boti inayohitaji 200 imekuondoa katika ulimwengu wa fundi wa diko. Kuhusu mafuta, kanuni ya mafundi ni kwamba injini ya petroli ikifunguliwa yote hunywa karibu lita 3.8 kwa saa kwa kila nguvu farasi 10. Ya 40 ni lita 15 hivi, ya 115 ni kama 44, ya 200 ni kama 75. Mwendo wa kawaida huchukua takribani nusu. Weka theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba, kisha zidisha kwa bei ya kituo cha jirani yako na kwa idadi ya Jumamosi unazokusudia. Wengi hukata futi tatu baada ya hesabu hii, na ni sawa.

Kivuli ni suala la ukubwa pia, ingawa wabunifu wa nchi za baridi hawalifikirii. Boti ya wazi bila paa katika jua la Februari haina raha kwa mtoto wa miaka mitatu. Paa la turubai kwenye boti ya futi 15 hushika upepo na kuifanya iyumbe. Kwenye futi 19 au 20 linakaa vizuri na bado mnaona mbele. Choo ni hoja ya futi 22 kwenda juu, pale kijichumba kinapoweza kutosha chini ya usukani. Wanaume hulipuuza hili. Mwulize mke wako kabla hujalipuuza.

Boti za mpira zenye sakafu ya faiba husifiwa kwa usalama, na kweli haziogopi wimbi, ila jua letu hula mpira. Kama huna banda, ziache.

Kwa hiyo kwa familia ya watu wanne hadi sita inayotoka kwenye ufukwe wa wazi, iwe Msasani, Kunduchi, Nyali au Shangani kwenda Changuu na Bawe, jibu langu ni futi 18 hadi 21, upana usiopungua mita 2.2, injini ya 90 hadi 115. Ndani ya mikono ya bahari, katika njia za Lamu na Manda au ghuba ya Chole huko Mafia, futi 15 au 16 na mashine ya 40 zinatosha, na pesa iliyobaki inunue maboya mazuri ya kuvaa, ya saizi ya watoto kwa watoto. Anayetamani kuvuka Dar es Salaam hadi Unguja, kilomita 70 hivi, au kuvua katika mkondo wa Pemba, anataka chombo kingine kabisa, futi 25 au zaidi na injini mbili, na asikifanye kuwa cha kwanza.

Maziwa yana sheria yake. Maji baridi hayali chuma kama maji ya chumvi, hivyo injini hudumu, na hakuna kupwelewa. Lakini mtu wa Mwanza asidhani Ziwa Victoria ni bwawa. Lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na kina cha wastani cha mita 40 tu, kwa hiyo wimbi lake ni fupi, la wima, na huja na dhoruba ya radi isiyobisha hodi. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, hupokea upepo wa kusini-mashariki kwa urefu wake wote katika miezi ya kiangazi. Pande zote mbili ningeongeza futi moja au mbili kuliko ninazozishauri pwani, kwa kuwa kikwazo cha asubuhi ni kidogo na cha alasiri ni kilekile.

Kabla ya kulipa, omba boti ijaribiwe alasiri, ikiwezekana Julai, siyo asubuhi ambayo muuzaji ataipendekeza. Usiwapakie watoto. Pakia madumu ya lita 20 yaliyojaa maji, manne kwa kila mtu mzima, yapangwe pale watu watakapokaa, na tangi la mafuta lijae. Toka nje hadi upepo ukukute, geuza, rudi nao nyuma. Kisha simamisha injini, watu wawili wazito wasimame tezini, na utazame matundu ya kutolea maji ya sakafu. Maji yakianza kuingia kwa hapo huku boti imetulia, hiyo ni ndogo kwenu, hata kama karatasi yake inasema futi 23.